Simu ya Gunzi

Mhadhara wa "Dunia ya Kesho" niliusikia mpaka nikauchukia. Nasema hivyo bila haya kwa sababu mwenyewe aliyeutoa alijua, na hakuwahi kuninunia. Mimi nilikuwa dereva wa idara iliyopeleka elimu kwa watu wazima vijijini, na kazi yangu ilikuwa kumfikisha Mwalimu Thobias Kikoti mahali penye watu, kufunga spika juu ya Landrova, kisha kukaa pembeni nikisubiri amalize. Naye hakuwa mtu wa kumaliza upesi.

Alikuwa Mhehe wa Iringa, mrefu, mabega yameinama mapema, aliyefundisha sayansi sekondari kabla ya kuhamishiwa Dodoma. Alikuja na picha za sayari alizochora mwenyewe, tufe la dunia lililopasuka upande wa Bahari ya Pasifiki, na imani ambayo sijui aliitoa wapi, kwamba mkulima wa Kongwa ana haki ya kujua yanayokuja sawasawa na waziri. Aliwaeleza watu habari za vyombo vinavyoizunguka dunia na kuipiga picha. Aliwaeleza habari za mashine zitakazokumbuka mambo kuliko makarani wote wa Dodoma. Alipenda zaidi habari za simu isiyo na waya, ambayo mchungaji ataitia kwenye mgolole wake na kumuuliza mwenzake aliyeko mnadani bei ya ng'ombe ikoje.

Tulizunguka. Leo tuko Kibaigwa, tumeegesha kati ya malori ya mahindi, madalali wanapiga kelele kuishinda spika. Kesho tuko porini. Jioni tunarudi Ipagala, anakokaa Mwalimu, tumejaa vumbi hadi masikioni. Watu walimsikiliza kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyokuwa ikimmaliza. Wanakaa, wanatikisa vichwa, akiuliza kama kuna swali anasimama mmoja kuuliza bomba la maji litaletwa lini. Kisha wanajipangusa makalio na kuondoka.

Mambo yaligeuka siku tuliyofika kitongoji kimoja upande wa Mlali. Mwalimu alikuwa ameanza na mwezi, na tayari watu wa nyuma walikuwa wanachungulia jua waone kama muda umekwenda, pale mzee mmoja aliposimama na kuuliza yeye ni mtu wa wapi. Mwalimu akajibu kuwa ni wa Iringa.

"Iringa? Mhehe?" Mzee akageukia watu. "Jamani, fungeni mbwa! Mhehe kaja!"

Uwanja mzima ulilipuka. Nikamwangalia Mwalimu, nikidhani atakasirika. Nikaona meno yake kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze.

"Mbwa wenu wamekonda, hata sufuria itawakataa," alisema. "Na wewe mzee nakuogopa. Wagogo nikiwapa mkono wa salamu, mtaniomba na kiwiko."

Wagogo na Wahehe ni watani tangu babu zao walipomaliza kupigana, na kwa watani hakuna shikamoo wala samahani. Mimi Mrangi wa Kondoa nilibaki nimesimama kama mtu aliyeingia kwenye harusi isiyomhusu. Mzee yule aliitwa Kefa Chimoto. Mwalimu alipofika kwenye simu isiyo na waya, Kefa aliokota gunzi la mahindi, akalibana sikioni.

"Haloo! Haloo! Dume langu lenye baka, uko wapi? Unasemaje? Umechinjwa na Mhehe? Acha uongo, ng'ombe wewe! Mhehe hachinji chenye pembe!"

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Mwalimu akaokota gunzi lingine, akasogea hatua chache, akaitikia, "Haloo, hapa Iringa." Basi hapohapo, kwa magunzi mawili, akawaeleza jinsi sauti itakavyoruka kutoka mnara hadi mnara, akawasimamisha vijana wawe minara, kila mmoja akimpokeza mwenzake neno. Nilikuwa nimeusikia mhadhara ule tangu nilipopewa gari, na siku ile ndipo nilipouelewa. Sikumwambia. Dereva akianza kusifia, bosi atadhani anataka mkopo.

Tangu hapo utani ukawa ndiyo njia yake ya kazi. Popote Ugogo alianza na mbwa, akamalizia na sayari. Watu walikuja kutoka vitongoji vya mbali, kina mama wakiwa na watoto mgongoni, wakimwita Mhehe wa Kesho. Nami nikawa nabeba gunzi mbele ya gari, karibu na usukani, kwa sababu akilikosa alikuwa ananisumbua. Yeye na Kefa wakawa marafiki wa kweli. Tukipita Mlali hatuondoki bila maziwa ya mgando, na kila mara yanakuja na tusi.

Lakini miaka ile kila kitu kilikuwa kinafunguliwa isipokuwa bohari ya mafuta ya idara yetu. Maduka ya Dodoma yalijaa redio, baiskeli na mitumba. Kibaigwa pakaja kibanda cha video, watu wanajazana humo kutazama makonde ya Wachina, spika yetu ikabaki inahubiria malori. Wakubwa wakaanza kutuambia kwamba elimu ijitegemee. Kila mkutano wa ofisi ulikuwa na maneno ya kupunguza wafanyakazi, na baada ya kila mkutano meza moja ilibaki tupu.

Mkewe, Mama Aneth, alikuwa akifuga kuku na kuwauzia mayai wafanyakazi wa Bunge. Nilikuwa nimekaa barazani kwao siku moja alipomtolea mumewe uvivu.

"Baba, dunia ya kesho umeshaijua yote. Ya leo hii, niijue peke yangu?"

Mwalimu alicheka, lakini kicheko kilitoka kidogo. Alikuwa amechoka, nami nilimwona. Haukuwa uchovu wa safari, huo hata mimi nilikuwa nao, unaoga unalala. Wake ulikuwa wa mtu aliyesema sana na hajui kama kuna neno hata moja limekaa mahali. Mara moja, njiani, aliniuliza kama katika watu wote wale yuko hata mmoja aliyefanya jambo lolote tofauti kwa sababu ya mhadhara wake. Nilimwambia kuwa mimi nimeacha kuvuta sigara. Ulikuwa uongo.

Ndipo ukaja mwaka wa Elinino. Mvua ilikuwa bado haijaanza, ardhi imekauka inalia chini ya miguu, wataalamu wa hali ya hewa walipoleta taarifa ofisini. Mwalimu aliisoma amesimama. Kisha akachukua tufe lake, akaweka kidole kwenye ufa.

"Joto liko hapa, Shaaban, kwenye maji haya. Na mvua yake itashukia kule kwa Kefa."

Nikamwuliza kwani mvua ina ubaya gani kwa Mgogo, ambaye kila mwaka anaililia. Akaniambia nifikirie tembe. Kwa asiyelijua, tembe ni nyumba ya kuta za udongo, na paa lake ni bapa, magogo na matawi yaliyofunikwa udongo mzito. Kwa nchi ya ukame ni nyumba safi, mchana ina ubaridi na usiku ina joto. Mvua ya kawaida haiisumbui. Lakini ikinyesha siku baada ya siku bila kupumzika, udongo ule wa juu unakunywa, unakunywa, mpaka magogo yanashindwa. Hapo linashuka lote kwa mkupuo.

Alinunua mafuta kwa mshahara wake, tukaenda Mlali. Tulipofika alikataa spika, akataka kusema kwa mdomo wake. Hakuanza na mbwa. Wakaanza wenyewe.

"Fungeni mbwa!" alipiga kelele Kefa kutoka mbali.

Mwalimu akainua mkono. "Mtani, leo nyamaza. Leo sitanii."

Lo! Afadhali asingelisema neno lile. Watu walianguka chini kwa kucheka, maana hakuna mtani duniani asiyeanza hivyo. Akawaeleza habari za bahari, wakacheka. Akawaeleza kwamba mapaa yatashuka, kwamba wapunguze udongo wa juu au mvua ikishika wakalale shuleni na kanisani, kwenye bati. Kefa akasimama.

"Mmesikia? Anataka tutoke ndani ili aingie yeye na mbwa wake!"

Mwalimu akapaza sauti. Alipaza hadi mishipa ya shingo ikasimama, akaipiga ngumi tairi ya Landrova. Wakampigia makofi. Walisema mwaka huu Mhehe kajiandaa. Nikajitosa mimi, nikasema kwamba mimi si mtani wa mtu, nami nasema maneno haya ni ya kweli, yanatoka serikalini. Mwanamke mmoja akaniambia nirudishe kwanza mbwa aliyeko chini ya kiti. Nilirudi kwenye usukani nikiwa nimewaka hasira, nawe msomaji niwie radhi, niliwatukana Wagogo wote kimoyomoyo.

Tulikwenda kwa Meshack, mwenyekiti wa kitongoji. Naye alitusikiliza akitabasamu, akisubiri mwisho wa kichekesho.

Wakati wa kurudi Mwalimu aliliondoa gunzi mbele ya gari, akalitia mfukoni mwa koti.

"Mlango nilioingilia mimi ni huu wa utani, Shaaban," alisema. "Sikujenga mwingine."

Lakini hakukata tamaa. Alirudi tena peke yake, kwa lori la mahindi hadi Kibaigwa na kwa miguu kutoka barabarani. Alinisimulia baadaye. Kefa alimchinjia kuku, akamsikiliza wakiwa wawili tu, bila kumkatiza. Alipomaliza, Kefa alitazama juu kwenye magogo.

"Tembe hili alilijenga baba yangu, mtani. Limeziona mvua."

"Mvua hii halijaiona."

Kefa akanyoosha mkono, akachomoa gunzi kwenye mfuko wa koti la Mwalimu, akalipeleka sikioni. "Haloo, Mungu? Samahani kwa usumbufu. Kuna Mhehe hapa anasema eti umemwambia yeye, mimi hukuniambia." Mkewe, Mama Penina, aliyekuwa akipepeta mlangoni, alicheka hadi ungo ukamtoka. Hata Mwalimu alicheka. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba alicheka.

Mvua ikaja. Mwanzoni watu waliimba. Mashamba yalikuwa kijani mpaka mtu unashangaa kama hii ndiyo Dodoma. Kisha ikaendelea. Mito ya mchanga, ambayo siku zote tunaivuka kwa miguu mikavu, ikaanza kubeba miti. Reli ikakatika, barabara ikakatika, ofisini tukawa tunakaa tu, tunasikiliza bati. Mwalimu alikuwa anasimama dirishani.

Habari ililetwa na dereva wa lori kutoka Kibaigwa. Mchana, wakati wa kupumzika baada ya palizi, tembe la Kefa Chimoto lilishuka. Mama Penina alikuwa nje akikinga maji. Kefa alikuwa amejilaza ndani.

Niliiba gari la idara. Hakuna neno zuri zaidi la kueleza nilichofanya, na sijutii. Tulisukuma, tulichimba, tulikata matawi ya kuweka chini ya magurudumu, tukafika wakati jeneza limeshafikishwa kaburini na mwinjilisti ameanza wimbo. Mvua ilikuwa ya manyunyu. Kaburi lilikuwa limechimbwa kwenye mwinuko, na hata hivyo chini palikuwa na maji.

Watu walipomwona Mwalimu walisema, "Mtani kaja," wakampisha. Kwenye msiba mtani ana kazi yake. Yeye ndiye anayeruhusiwa kuchekesha pale ambapo wengine wote wanalia. Anamwigiza marehemu, anaweza hata kuzuia mazishi mpaka apewe anachotaka, na akitaka kitu hapewi jibu la hapana. Walimsubiri aanze. Mwalimu alisimama na tope lake hadi magotini, hakusema kitu. Nilijua anachokifikiri, na nilimwonea huruma mpaka nikaangalia pembeni.

Mama Penina ndiye aliyemfuata. Alikuwa amefungwa kanga kichwani, macho yamevimba.

"Mtani, mbona umenyamaza? Utamzika mwenzio kama mgeni?"

Mwalimu akamtazama. Kisha akavua viatu, akavipanga vizuri, akavua koti, akalitoa gunzi mfukoni, akaingia kaburini. Maji yalimfika vifundoni. Akakaa chini, mtu mzima yule, akaegemea udongo.

"Sitoki," alisema.

Kina mama waliokuwa wakilia wakaanza kucheka huku machozi yanawatoka, ndivyo inavyokuwa. Wakamletea kuku. Akakataa. Wakamletea jembe jipya, lililokuwa la Kefa mwenyewe. Akalikataa. Akapeleka gunzi sikioni.

"Haloo. Kefa?" Akasikiliza. "Anasema hajafika bado. Njia ina matope."

Watu walicheka kwa nguvu, hata mwinjilisti akaficha uso kwenye kitabu cha nyimbo.

"Anauliza," aliendelea Mwalimu, na sasa sauti yake ilikuwa imekwaruza, "anauliza Meshack bado analala kwenye tembe?"

Kicheko kikapungua. Meshack alikuwa ameshika kamba ya jeneza.

"Anauliza jirani yake, mama yake Damas, bado analaza wajukuu kwenye tembe? Anauliza habari za nyumba moja moja. Anasema mimi nisitoke humu mpaka wote muwe mmehama, mkalale kwenye bati hadi mvua iishe. Hataki kuku. Anasema kuku mleni."

Meshack akajaribu kutabasamu. "Mtani huyu..."

"Mlipeni," alisema bibi mmoja kutoka nyuma. "Mtani akidai kaburini analipwa. Au mnataka marehemu alale nje?"

Nilimwona Meshack akihangaika. Angeweza kumcheka Mwalimu wa mikutano na tufe lake, na alimcheka. Mtani aliye kaburini hawezi kumcheka bila kumlipa, kwa sababu huo ungekuwa ukosefu wa adabu kwa maiti, na Wagogo kwa jambo hilo hawana mchezo. Alitazama jeneza, akatazama shimo.

"Mwambie nahama leo," alisema.

"Mwambie mwenyewe."

Mwalimu akanyoosha gunzi juu. Meshack, mwenyekiti mwenye kofia ya chama kichwani, akapiga magoti kwenye tope, akalichukua, akaliweka sikioni. Hakuchekesha. "Kefa. Nahama leo, na watoto." Akalipokeza kwa mama yake Damas. Likazunguka hivyo, mkono kwa mkono, kila mwenye nyumba akisema lake, wengine kwa Kigogo, wengine wakilia tu bila neno. Lilipomfika Mama Penina alilishika kwa muda mrefu kwenye shavu, lakini sikusikia alichosema, na sikumwuliza.

Ilibidi tuwe wanaume kadhaa kumtoa Mwalimu mle shimoni. Miguu ilikuwa imekufa ganzi.

Walihama jioni ileile, na mikeka na vyungu, hadi shuleni. Matembe yalianza kushuka wiki iliyofuata. La Meshack lilishuka, la mama yake Damas pia, yakiwa matupu. Hakufa mtu mwingine pale.

Mwaka haukwisha meza ya Mwalimu nayo ikawa tupu. Alipewa barua, akaniachia tufe, akaenda kumsaidia mkewe kufuga kuku. Hakutoa mhadhara tena. Simu za mkononi zilipofika Dodoma kila mtu alinunua, hata mimi, yeye akakataa. Alisema hana wa kumpigia. Ninapomtembelea Ipagala tunakaa barazani, tunazungumza habari za bei ya pumba.

Masika iliyopita nilikuwa pale mvua ilipoanza, na simu ya Mama Aneth ikalia. Akaangalia, akampa mumewe, kama jambo lililozoeleka. Nilisikia sauti ya mwanamke ikipiga kelele kushinda mvua. Alikuwa Mama Penina, kutoka Mlali.

"Fungeni mbwa! Mtani, huku inanyesha. Nipo kwenye bati. Wote tupo kwenye bati."

"Haya, mtani," alisema Mwalimu. "Haya. Asante."

Akamrudishia mkewe simu. Tulikaa tukiisikiliza mvua inavyoongezeka juu yetu.

"Kila mwaka ananipigia," aliniambia. Akafuta uso kwa kiganja. "Simu hii, Shaaban, alitakiwa kuipiga Kefa."